Tusiwafiche Watoto Kisima cha Yusufu

Wiki iliyopita nilikuwa Nairobi kwa haja zangu, nikafikia Majengo, Pumwani, kwa binti ya dada yangu. Asubuhi ya Jumamosi mwanawe, kijana wa miaka 13, aliniongoza tukateremka Gikomba. Yeye alikuwa akitaka viatu, na mimi nilikuwa nikitaka koti, maana baridi ya Nairobi mwezi wa Julai haina adabu kwa mtu wa pwani.

Gikomba haihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuikanyaga. Ni soko lililokaa kando ya Mto Nairobi, na watu wa kila daraja huvaa kutoka humo, wanaokiri na wasiokiri. Marobota ya mitumba hupasuliwa mapema, wauzaji husimama juu ya meza wakinadi mpaka sauti zikauke, na mikokoteni hupita bila kuomba njia. Soko hilo limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliondoka na roho za watu. Na kila likiungua wenyewe hulijenga tena kabla majivu hayajapoa.

Katikati ya mashati na suruali, mzee mmoja alikuwa ametandaza gunia la vitabu vikuukuu, vingi vyao vya shule, vya mtaala wa 8-4-4 ambao sasa umepisha mwingine. Kijana wangu akachutama, akachakura, akaibuka na kijitabu kilichokwisha gamba. Nikamwacha asome, nikaendelea kubishania koti langu. Niliporudi nilimkuta bado amesimama pale pale, watu wanampiga vikumbo naye hasikii. Akainua uso akaniuliza:

“Babu, hawa Waarabu wa kitabuni ndio sisi? Au sisi ni wale waliofungwa minyororo?”

Wapenzi wasomaji, mimi ni mtu niliyezoea kujibu. Nimejibizana na washairi wenzangu magazetini kwa miaka mingi, na aghalabu sikukosa neno. Siku hiyo nilikosa. Nikamlipa mzee yule pesa zake, nikakitia kitabu mfukoni mwa koti jipya kuukuu, nikasema, “Twende, tutazungumza njiani.”

Kitabu chenyewe kilikuwa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Kilichapishwa London mwaka 1934, na kwa miaka mingi kilisomwa na watoto wa shule huku kwetu. Ni miongoni mwa hadithi ndefu za mwanzo kabisa kuandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika. Mwandishi alikuwa mtu wa Frere Town, ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mna mateka ndani yake, mna safari ya minyororo, mna bahari, na mwisho mna uhuru. Mwenye mjeledi ni Mwarabu na Mswahili, na mwenye ufunguo wa pingu ni Mwingereza. Na jina la Mbotela si geni katika mitaa hiyo ya mashariki ya Nairobi. Si mbali na Gikomba uko mtaa uitwao Mbotela, kwa ukumbusho wa Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, naye pia ni mtu wa asili ya Frere Town.

Sisi watu wa pwani tumekilalamikia kitabu hicho tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa mdogo nikiwasikia wazee barazani wakisema kwamba kimetupaka matope, kwamba kimeandikwa kwa kalamu ya misheni, kwamba mtoto Mwislamu akikisoma darasani huinamisha kichwa. Malalamiko hayo yana haki ndani yake, nami nitaieleza haki hiyo. Lakini tangu 1934 hata leo ni miaka zaidi ya 90. Swali langu ni hili: katika miaka yote hiyo, sisi wenyewe tumeandika nini cha kumpa kijana wa miaka 13?

Tumetunga tenzi na mashairi, alhamdulillahi. Tumeandika riwaya za upelelezi na za mapenzi. Lakini hadithi ya zamani zetu, iliyoandikwa na mtu wa kwetu kwa ajili ya mtoto, yenye jahazi na shamba na mtumwa na mwenye mtumwa ndani yake, katika rafu yangu ya vitabu haimo. Mbotela alisimulia yale yaliyowapata wazee wake. Huo ulikuwa ushahidi wake na haki yake. Sisi tulioitwa washitakiwa tulikaa barazani tukinung’unika, hatukwenda kutoa ushahidi. Na kesi isiyojibiwa huamuliwa kwa maneno ya upande mmoja.

Kwa nini hatukuandika? Nathubutu kusema kwamba si kwa kukosa kalamu. Ni kwa sababu jibu la kweli lingetulazimu tuseme mambo ambayo majumbani mwetu hayasemwi.

Nitatoa mfano wa nyumba yetu, nisije nikaonekana nafichua za watu na zangu nazifunika. Nilipokuwa mtoto alikuwako kwetu bibi mmoja mkongwe. Hakuwa mama wa baba wala mama wa mama, lakini sote tulimwita Bibi. Alilala chumba cha uani. Ndiye aliyetupikia, ndiye aliyetuogesha, na usiku ndiye aliyetupa hadithi za Sungura na Fisi mpaka tukasinzia. Alipokuwa akipima mchele kwa kibaba alihesabu kwa lugha asiyoijua mtu yeyote mwingine nyumbani. Sisi watoto tulicheka, tukamwigiza. Yeye naye alicheka pamoja nasi, akaanza kuhesabu upya.

Alipofariki alizikwa vizuri, akasomewa hitima. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimekwisha kuitwa mshairi, siku niliponong’onezwa na shangazi yangu kwamba mama yake Bibi alinunuliwa. Zile zilikuwa hesabu za mamake. Lugha nzima ilikuwa imepotea kwake, zimebaki namba chache tu za kupimia mchele wa watu. Na mimi niliyetunga beti za harusi, za siasa, za kusifu bahari na za kulaani ulaghai, sikuwahi kumuuliza Bibi hata siku moja: “Mamako alitoka wapi?” Yeye alinipa hadithi zote alizokuwa nazo isipokuwa moja, na hiyo moja sikumwomba.

Tunayo methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa. Tunaitamka kwa urahisi, tena kwa kuwakaripia vijana. Tangu siku ile ya shangazi, methali hiyo hunikwama kooni. Mamake Bibi hakuiacha asili yake. Aliondolewa nayo, na waliomwondoa wakambakishia jina la mtumwa, kisha wakalifanya jina hilo kuwa tusi.

Najua msomaji mmoja atainua kidole. Atasema: “Bwana mshairi, mambo haya ni mazito, mtoto hayawezi. Mpe mtoto visa vizuri.” Namshukuru kwa neno hilo, kwa kuwa limenifikisha nilipotaka kufika.

Chuoni tulifunzwa kwamba kisa alichokiita Mwenyezi Mungu mwenyewe kuwa ni kizuri kupita visa vyote kimo katika Sura ya Yusuf. Aya 111. Mimi niliihifadhi kabla sijabaleghe, na wengi wenu vivyo hivyo, mwalimu amekaa na bakora yake na sisi tunatikisika juu ya msala. Basi kisa hicho kizuri kupita vyote ni cha nani? Ni cha mtoto. Mtoto aliyetoswa kisimani na ndugu zake wa baba mmoja, akaokotwa na msafara, akafanywa bidhaa, akauzwa kwa dirhamu chache za kuhesabika, akapelekwa nchi ya mbali kutumikia nyumba ya mtu. Ni kisa cha utumwa, wasomaji. Tumekisoma utotoni mwetu na hatukufa kwa kukisoma.

Tena tazameni ni nani waliomtosa. Hawakuwa makafiri wala maharamia wa kigeni. Walikuwa wana wa Nabii Yaakubu, wajukuu wa Is-haka, vitukuu wa Ibrahimu. Hapana nyumba iliyokuwa na heshima kuliko ile. Lau ingekuwa heshima ya nyumba ni sababu ya kuficha, basi jambo hilo lingefichwa. Halikufichwa. Limesemwa, linasomwa kwa sauti katika misikiti yetu mpaka leo, na heshima ya Yaakubu haikupungua hata chembe.

Na mna kanzu katika kisa hicho. Ndugu walimletea baba yao kanzu ya Yusufu wameitia damu ya uongo, ati mbwa mwitu kamla. Basi mimi nasema hivi: kumwambia mtoto kwamba watumwa wa pwani yetu walikuwa kama wana wa nyumbani, wakila tulichokula na kuvaa tulichovaa, na kuishia hapo, ni kumletea kanzu yenye damu ya uongo. Ni kweli wako walioachwa huru kwa ajili ya radhi za Mungu, na kumwacha mtumwa huru ni ibada kubwa. Ni kweli wako watoto wa masuria waliorithi sawa na ndugu zao. Hayo yaandikwe. Lakini Bibi alilala chumba cha uani, na mamake alinunuliwa. Hayo nayo yaandikwe.

Mwingine atanitajia Bilali. Kila tunapoulizwa juu ya utumwa sisi humtaja Bilali bin Rabah, mwadhini wa Mtume, aliyekombolewa na Abubakari. Ni jibu zuri. Lakini katika kisa cha Bilali tunamtaja pia Umayya, yule aliyemlaza juu ya mchanga wa moto na kumwekea jiwe kifuani. Tunamtaja kwa jina lake. Tungemwondoa Umayya, subira ya Bilali ingekuwa subira ya nini? Sisi katika visa vya pwani yetu tunataka akina Bilali bila ya akina Umayya, na visa vya namna hiyo mtoto mwenye akili havimwingii.

Wa tatu atasema kwamba kuyasema hayo ni kumpa adui silaha. Silaha hiyo adui anayo tangu 1934. Na Kurani, katika Sura ya Nisaa aya ya 135, imetuamrisha tusimame na uadilifu katika ushahidi, hata ukiwa ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Sikuona pale palipobaguliwa waandishi wa hadithi.

Sasa nirudi kwenye ile haki iliyomo katika malalamiko yetu, maana kusema kweli dhidi ya nafsi si kumwachia mwenzako aseme uongo wake. Mtoto akikifunga kitabu cha Mbotela huondoka na picha ya Mwingereza ashukaye kutoka manowarini kama malaika wa rehema. Picha hiyo ina upungufu mkubwa, na hadithi ya vijana iliyoandikwa vizuri ingeujaza.

Sir Bartle Frere, ambaye Frere Town ilipewa jina lake, alifika Unguja mwaka 1873, na tarehe 5 Juni mwaka huo Sayyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Vema. Lakini mwaka 1895 Uingereza ilipotwaa pwani na bara ya Kenya kuwa himaya yake, utumwa wenyewe haikuugusa. Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Kwenye pwani yetu ya Kenya haukufutwa mpaka 1907. Miaka 12 bendera ya mkombozi ilipepea Mombasa na mtumwa yu mtumwa chini yake. Na fidia ilipolipwa alilipwa mwenye mtumwa, kwa hasara ya mali yake. Aliyelima shamba bure miaka 30 hakulipwa hata pesa moja.

Tena wako watu ambao kitabu cha namna ile hakiwapi nafasi yao, nao ndio ningependa kijana wangu awajue kwanza. Ni watoro. Kabla ya manowari na kabla ya sheria, walikuwako watumwa waliojikomboa kwa miguu yao wenyewe. Walikimbia mashambani usiku wakaingia porini, wakafanya miji yao. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ulikuwa mji wa watoro. Witu, kwa Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, watoro walipokewa wakawa askari wake. Rabai walijazana kwa mamia, hata kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ikalazimika, tarehe 1 Januari 1889, kuwaandikia hati za uhuru watu zaidi ya 1,000 waliokuwa wamekwisha kujifanya huru zamani. Hebu fikirini hadithi ya msichana wa miaka 12 anayetoroka na nduguye mdogo mgongoni, akifuata nyota, akisikia mbwa nyuma yake. Je, yupo mtoto atakayekiweka chini kitabu hicho? Na shujaa wake hatakuwa Mwarabu wala Mwingereza. Atakuwa yeye mwenyewe mtumwa.

Yote haya nilikuwa nikiyawaza tukipanda kutoka Gikomba, na kijana ananitazama akingoja jibu. Nikaona kwamba hata ardhi tuliyokuwa tukiikanyaga ina hadithi zake ambazo hakupewa. Nikamuuliza, “Kariokor ni neno gani?” Hakujua, na yeye hupita hapo kila siku ya shule. Nikamweleza kwamba ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, lililopinduliwa na ndimi zetu. Katika vita hivyo vya 1914 mpaka 1918, vijana wa Kiafrika walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo ya jeshi mpaka Tanganyika, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao si kwa risasi bali kwa maradhi na njaa. Ilikuwa miaka kumi tu tangu yule mkombozi afute utumwa wa pwani. Mjini Nairobi wapagazi hao na askari walijengewa ukumbusho wa sanamu tatu za shaba mwaka 1928, wenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Watu wa Nairobi hupita mbele yake kwa haraka zao.

Nikamuuliza Pumwani ilianzaje. Alijua kwamba babu zake waliishi hapo, basi. Hakujua kwamba mtaa huo uliwekwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili kuwakusanya mahali pamoja Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya mji. Hakujua kwamba Pangani, kijiji cha Waislamu wengi, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wakapelekwa Shauri Moyo. Yeye huswali Ijumaa katika Msikiti wa Riyadha na hajapata kusoma hata ukurasa mmoja juu ya watu waliouzunguka msikiti huo kwa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi kati na vyumba huku na huku, mamia ya maili mbali na bahari. Mtoto wa Pangani siku nyumba ya babake inavunjwa, amebeba mlango kichwani kwa kuwa mlango ndio mali yao: hicho ni kitabu kizima, nacho kinangoja mwandishi.

Sisemi kwamba hakuna aliyejaribu. Ebrahim Hussein, mtu wa pwani ya kusini ya Tanzania, alituandikia Kinjeketile mwaka 1969, mchezo wa Vita vya Maji Maji. Hakumfanya Kinjeketile kuwa sanamu ya kusujudiwa. Alimwonyesha akiitilia shaka dawa yake mwenyewe, na vijana wa shule wameusoma miaka yote hii na kuuelewa. M. M. Mulokozi aliwaandikia vijana Ngome ya Mianzi, hadithi ya zama za Mkwawa na Wajerumani. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Na yuko Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, ni ya mtoto wa miaka 12 anayetolewa na babake kwa tajiri mwenye misafara, ili kulipia deni. Jina la mtoto huyo ni Yusuf. Basi si mimi peke yangu niliyekiona kisima. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, hakikuandikwa kwa ajili ya watoto, na kilirudi kwetu kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Hadithi yetu ilikaa ughaibuni miaka 28 kabla ya kubisha hodi nyumbani.

Rai yangu basi ni hii. Waandishi wa pwani, na hasa sisi washairi ambao watu hutuamini katika lugha, tushuke kutoka barazani tuandike vitabu vidogo, vya kurasa 60 au 80, kwa Kiswahili safi kisicho na majivuno, kila kimoja kikichukua mwaka mmoja na mtoto mmoja. Siyu katika siku za Bwana Mataka, ilipopigana na majeshi ya Sayyid Said, Waislamu kwa Waislamu. Pwani ya Mombasa mwaka 1895, Mbaruk bin Rashid alipoasi. Ugiriama mwaka 1913, Mekatilili alipowaapisha watu wake. Fuladoyo. Pangani ya Nairobi. Tusiogope kuwaandikia wadogo, kwa kuwa Mwana Kupona, mke wa huyo Bwana Mataka, alitunga utendi wake mashuhuri kwa ajili ya binti yake, naye alikuwa mgonjwa kitandani.

Walimu wa vyuo nao wawape watoto kazi ya kuuliza wazee, kila mtoto aandike alilosikia, hata likiwa jina moja la mahali. Na wazee, tafadhalini, mkiulizwa msiseme “hayo yamepita.” Yamepita kwenu, hayajawafikia wao. Mkiondoka nayo, mtakuwa mmewaachia wajukuu hesabu za kupimia mchele bila ya lugha yake.

Nililibaki deni la swali. Tulipofika Majengo, kabla hatujaingia ndani, nilimketisha kijana barazani nikamjibu. Nilimwambia, “Mjukuu wangu, sisi ni wote wawili. Katika damu yako yumo aliyeuza, na yumo aliyeuzwa. Yumo pia mpagazi aliyekuja Nairobi na mzigo kichwani, na yumo mwanamke wa Kikuyu aliyesilimu katika mtaa huu huu. Ukimkana mmoja wao, utakuwa umejikata kiungo.” Nikamkumbusha kwamba ndugu zake Yusufu, mwisho wa kisa, walisimama mbele yake wakakiri kwamba walikosa, ndipo akawaambia kuwa siku hiyo hapana lawama juu yao. Msamaha ulikuja baada ya kukiri. Mbele ya kukiri palikuwa na kanzu ya uongo, na baba aliyelia mpaka akapofuka.

Kijana akanyamaza kidogo, akaifuta vumbi miguu ya viatu vyake vipya. Kisha akasema, “Nimefahamu, Babu. Basi nipe kitabu chenye hayo uliyoniambia, nikakisome.”

Sikuwa nacho. Nilimwachia cha Mbotela, nikapanda basi la Mombasa usiku ule. Sasa nimenunua daftari, na ukurasa wa kwanza nimeandika zile namba za Bibi, zile chache ninazozikumbuka, kwa jinsi nilivyozisikia. Nawaachia ubeti mmoja, maana mazoea yana taabu:

Mwana akitaka kisa, mwambieni la ukweli,
Msimfiche makosa, ya mababu wa awali,
Yusufu walimtosa, nduguze bila kujali,
Kitabu kikatupasa, tukisome kikamili.